Kulea kwa zamu kati ya nyumba tatu wakati chekechea zimefungwa

Shule zote nchini Kenya zilifungwa kwa ajili ya korona katikati ya mwezi wa Machi 2020, na chekechea na vituo vya kulelea watoto vya hapa Malindi vikafungwa pamoja nazo. Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu alitangaza kwamba masomo hayatarejea hadi Januari 2021. Kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka 3 au 4, hiyo ilikuwa karibu nusu mwaka mwingine wa kuwa mlezi na mfanyakazi katika saa zile zile, na madrasa nayo, ambayo ilikuwa ikitupunguzia mzigo jioni, ilikuwa bado haijaruhusiwa kufunguliwa. Kila wiki wazazi wenzangu waliniuliza maswali yale yale: nyumba ngapi zishirikiane, mwana aende na nini, mwajiri aambiwe nini, na itakuwaje mmoja wetu akiugua. Majibu yangu nimeyaweka hapa kwa mpangilio tuliouanza sisi wa nyumba tatu za mtaa wa Shela mwezi wa Mei 2020.

Wazee wetu walikula kikoa: kila mmoja alipika siku yake na wenzake wakala kwake, mpaka zamu ikazunguka. Sisi tunakula kikoa cha saa. Siku ya zamu yangu watoto wote huwa kwangu, nami sigusi kazi ya mshahara. Siku za wenzangu nafanya kazi bila mtu kunivuta leso. Nyumba yangu ina watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Mimi huweka hesabu za maduka kwa kompyuta nikiwa nyumbani, na mume wangu, mpishi wa hoteli, alikuwa likizo bila malipo tangu wageni walipoacha kuja. Nyumba ya pili ni ya muuguzi mwenye mtoto mmoja, na ya tatu ni ya fundi wa cherehani mwenye mtoto mmoja. Jumla ni watoto wanne.

VINAVYOHITAJIKA KABLA YA KUANZA

- Nyumba mbili au tatu zilizo karibu kiasi cha mtoto kufika kwa miguu.
- Ua au ukumbi wenye kivuli, na lango au mlango unaofungika kwa juu, mahali mtoto hafikii.
- Daftari moja la zamu na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kwa sababu isiyofungwa hupotea siku ya kwanza.
- Mtungi wa plastiki wa lita 5 uliotobolewa tundu dogo na kuzibwa kwa msumari, ukaning'inizwa kimo cha mtoto, pamoja na sabuni. Ukichomoa msumari maji huchirizika kidogo kidogo na hayapotei.
- Mkoba wa kila mtoto: nguo mbili za kubadilisha, kikombe chake, leso ya kulalia, na dawa anayotumia ikiwa ipo.
- Karatasi ya ukutani yenye nambari za simu za wazazi wote na ya dereva wa tuktuk anayeaminika.

Vitu vya kuchezea si vya lazima. Mchanga, vifuu vya nazi, mabaki ya ukili na maboksi matupu vinatosha.

HATUA

1. Andika saa zako za kazi kwa siku tatu.
Usikisie. Andika ulichofanya kila saa, kisha ugawe kazi hizo mafungu matatu: kazi inayotaka utulivu, kama kupiga hesabu au kuzungumza na mteja, kazi ya mikono inayoweza kukatizwa, kama kupiga pasi au kukanda unga wa mahamri, na kazi inayokutoa nyumbani. Wazazi wengi hugundua kwamba kazi inayotaka utulivu haizidi saa tano kwa siku. Hizo ndizo unazozitafutia zamu. Nyingine zinaweza kufanywa mtoto akiwa amelala au akicheza karibu nawe.

2. Chagua nyumba, na usizidishe tatu.
Kosa la kwanza la wengi ni kukaribisha nyumba tano au sita kwa kuona haya kumkatalia jirani. Kila nyumba inayoongezeka huja na watu wake, wageni wake na safari zake za sokoni, na maradhi haya husafiri na watu. Muulize mwenzako waziwazi: ni nani wanaolala kwako, ni nani wanaoingia na kutoka, je, yuko mzee au mgonjwa wa sukari, presha au pumu? Mwaka 2020 serikali iliwazuia wenye umri wa zaidi ya miaka 58 kuhudhuria ibada za pamoja, na kama bibi hakupaswa kukaa msikitini saa moja, sikuona vipi tumpe watoto wanne wa nyumba tatu wamkumbatie kutwa. Nyumba yenye mzee dhaifu inaweza kushiriki, ila zamu yake ifanyiwe kwenye ua wa nyumba nyingine.

Mwenzetu wa hospitali alitwambia mwenyewe kuhusu hatari ya kazi yake kabla hatujamuuliza. Tulikubaliana kwamba atokapo kazini ataoga na kubadilisha nguo kabla ya kumgusa mtoto yeyote, na kwamba asubuhi ya kutoka zamu ya usiku hatapewa watoto, kwa kuwa lazima alale. Ratiba yake ya hospitali ikitoka, ndipo sisi wawili tunapopanga siku zetu.

3. Fanyeni kikao kimoja na muandike makubaliano.
Kikao kifanyike kibarazani, watu wakikaa mbalimbali, na akina baba wawepo. Yaandikwe mambo haya: siku na saa za kila nyumba, chakula kinatoka wapi, nani anaruhusiwa kuingia wakati watoto wapo, mtoto anatiwa adabu vipi akikosa, na nini kitafanyika mtu akipata homa.

Katika adabu, makubaliano yetu ni kwamba hakuna anayempiga mtoto wa mwenzake wala wake mwenyewe wakati wa zamu. Mtoto huondolewa kwenye mchezo, akakaa kando na mtu mzima mpaka atulie. Katika usalama, tumekubaliana kwamba mtoto hakai peke yake na mtu mzima au kijana mkubwa ndani ya chumba kilichofungwa, awe ni mjomba, binamu au fundi aliyekuja kutengeneza mfereji. Kuogeshwa na kubadilishwa nguo ni kazi ya mwenye zamu tu. Najua jambo hili ni zito kulitamka mbele ya majirani, lakini likitamkwa kwa wote siku ya kwanza halimdhalilishi yeyote, na likinyamaziwa hujuta mwenye mtoto. Nambari ya simu ya kusaidia watoto, 116, hupigwa bure, nasi tumeiandika juu kabisa ya karatasi ya ukutani.

4. Kagua kila nyumba ukiwa umepiga magoti.
Hatua hii isirukwe hata kidogo. Shuka chini ufikie kimo cha mtoto wa miaka miwili, tambaa kutoka mlangoni hadi uani, na uguse kila unachoweza kukifikia.

Kisima kiwe na kifuniko kizito chenye kufuli. Ndoo na karai zimwagwe au zifunikwe, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha vidole vinne akiangukia uso. Seredani iwekwe juu ya meza ya saruji au nyuma ya kizuizi, na usiwashe makaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua bila harufu. Mbuzi ya kukunia nazi iangikwe ukutani, kwa sababu meno yake yako kimo cha uso wa mtoto anayejifunza kutembea. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, kwa kuwa akitapika yanaweza kuingia mapafuni. Dawa ya kufulia inayong'arisha nguo, ambayo wakati wa korona ilikuwa kila nyumba kwa ajili ya kupangusia, nayo ni sumu, na chupa yake iwe juu ya kabati.

Kisha tazama vitu vidogo: komwe za bao, shanga, betri za rimoti, vifungo vya nguo. Mwenzetu fundi alilazimika kuhamishia cherehani na kopo lake la sindano chumbani, akafunga kwa kufuli siku ya zamu yake. Karanga zisipewe watoto wa chini ya miaka mitano, hata wakililia. Mwisho, jaribu lango. Barabara ya nje ina tuktuk na bodaboda, na mtoto anayekimbilia mpira hatazami upande.

5. Zungumza na mwajiri kabla mpango haujaanza.
Mwajiri huogopa kutojua zaidi ya anavyoogopa saa pungufu. Usimwambie kwamba una shida ya watoto na utajitahidi. Mpe saa, siku na kazi utakayomkabidhi. Mimi niliandika hivi:

"Assalamu alaykum, Bwana. Chekechea bado zimefungwa. Kuanzia Jumatatu nitakuwa kwenye kompyuta saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, siku nne za wiki. Siku mbili za zamu yangu ya watoto nitafanya kazi saa 2 usiku hadi saa 4. Hesabu za kila siku utazipata kabla ya saa 3 asubuhi ya siku inayofuata. Jambo la dharura, nipigie wakati wowote."

Alijibu kwa neno moja, "Sawa." Kwa anayefanya kazi dukani au hospitalini, ombi lenye nafasi kubwa ya kukubaliwa ni la kubadilishana siku na mfanyakazi mwenzake, kwa kuwa halimpunguzii mwajiri mtu. Kwa anayejiajiri, mwajiri ni mteja: fundi wetu aliwaambia wateja wake kwamba nguo hupokewa siku nne tu za wiki, na hajampoteza hata mmoja.

6. Gawa siku.
Sisi tuna siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, na Ijumaa tunamaliza mapema kwa ajili ya swala. Kila nyumba hutoa siku mbili na kupokea siku nne. Mtu mzima mmoja asipewe zaidi ya watoto wanne, na kati yao asiwepo zaidi ya mmoja aliye chini ya miaka miwili.

Akina baba wapewe zamu kama akina mama. Upepo wa kusi unapovuma, bahari huwa chafu na wavuvi wengi hawatoki kila siku. Wafanyakazi wengi wa hoteli za ufuoni nao walikuwa nyumbani tangu Machi 2020. Mume wangu alidhani ataniaibisha mbele ya majirani akionekana akiwalisha uji watoto wa wenyewe. Baada ya wiki mbili watoto walikuwa wakiuliza lini ni siku yake, kwa kuwa yeye huwaacha wakande unga.

7. Panga siku ya mtoto kwa mambo matano, si zaidi.
Watoto hawasomi saa lakini wanasikia adhana, kwa hiyo tumeifunga siku kwenye sauti hiyo. Wakifika hunawa mikono kwa sabuni, taratibu, kwa muda wa kama sekunde 20, kisha hunywa uji. Halafu huchezea uani kabla jua halijawa kali: kibe, nage, mchanga. Jua likipanda huingia kivulini kwa tunda, hadithi na vitendawili. Baada ya hapo hufanya kazi ndogo ya mikono, kama kusuka mabaki ya ukili, kufua leso ya mwanasesere au kuchora kwa mkaa kwenye boksi. Adhana ya adhuhuri ikisikika huwa ni chakula, kisha kulala. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mchana ukihesabiwa, na chumba chenye giza kidogo na mkeka hufanya kazi kuliko vitisho.

Masomo? Nusu saa inatosha. Mtoto wa chekechea anayehesabu mahamri yaliyobaki siniani na kutamba hadithi aliyoisikia jana amesoma. Vipindi vya masomo vya redio na televisheni vinawafaa zaidi ndugu zao wakubwa. Kuhusu simu na televisheni tunafuata ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019: walio chini ya miaka miwili wasiwekewe kabisa, na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku. Saa hiyo moja tunaihifadhi kwa siku ya mvua.

8. Anza kwa saa mbili.
Wiki ya kwanza watoto wakae kwa mwenye zamu saa mbili tu, na siku ya kwanza mzazi abaki pale nusu saa. Wiki ya pili iwe saa nne. Wanaoanza kwa siku nzima huvunja mpango siku ya tatu, kwa kuwa watoto hulia na wazazi hukata tamaa.

9. Kabidhi mtoto kwa maneno, na uandike.
Mlangoni sema mambo matatu: alilalaje, amekula nini, na kama ana joto. Mtoto aguswe shingo kabla ya kuingia. Mwenye zamu aandike saa ya kufika na ya kuondoka. Barakoa ni za watu wazima wanapokabidhiana. Mtoto wa chini ya miaka miwili asivalishwe kabisa, kwa kuwa akikosa pumzi hawezi kuivua.

MAKOSA MAWILI MAKUBWA

La kwanza ni kufanya kazi ya mshahara ndani ya zamu yako. Nilijaribu mara moja "kumalizia karatasi moja tu", na katika dakika hizo mwanangu mdogo alikuwa ameshika mkono wa sufuria ya uji uliotoka motoni. Haikumwagika, namshukuru Mola, lakini tangu siku hiyo kompyuta hufungwa kabatini siku za zamu.

La pili linaniuma zaidi. Mwezi wa Aprili, kabla hatujaanza zamu, niliwakabidhi wanangu kwa mpwa wangu wa kike wa miaka 11, aliyekuja kukaa nasi shule zilipofungwa. Niliona ni msaada wa kawaida wa nyumbani. Wiki ya tatu nilifungua daftari lake la hesabu nikakuta hajaandika chochote tangu afike. Alikuwa ameamka kila siku na kumbeba mtoto kiunoni hadi jioni. Mvulana wa umri wake katika nyumba ya jirani alikuwa akisoma asubuhi na kucheza mpira jioni. Msichana wa darasa la sita naye ni mwanafunzi ambaye shule yake imefungwa. Anaweza kusaidia kwa saa moja, mtu mzima akiwepo, baada ya kumaliza masomo yake. Asihesabiwe kama mlezi katika ratiba yoyote, na hili tumeliandika katika makubaliano.

MATATIZO NA UFUMBUZI WAKE

Mtoto analia kila akiachwa. Muage, mwambie utarudi baada ya kulala mchana, kisha uondoke. Usitoroke kwa mlango wa nyuma, kwa sababu kesho hatakuachia hata uende msalani. Leso yako uliyoivaa jana, ikiwa na harufu yako, humtuliza wakati wa kulala. Akiendelea hivyo kwa wiki mbili na hali chakula, rudini kwenye saa mbili.

Mtoto ana homa. Abaki kwao, na nyumba zote ziambiwe asubuhi hiyo hiyo. Usidhani moja kwa moja kwamba ni korona, wala usidhani kwamba si yenyewe; huku pwani homa inaweza kuwa malaria, na mtoto apelekwe kupimwa siku hiyo. Akiwa anahema kwa shida, hawezi kunyonya au kunywa, au amepatwa na degedege, mpeleke hospitali bila kungoja, hata usiku.

Mtu mzima wa nyumba mojawapo ana kikohozi na homa, au amekaa na mgonjwa aliyethibitishwa. Zamu zisimame kwa nyumba zote, na pigeni 719, nambari ya Wizara ya Afya, kuuliza la kufanya. Siku 14 za karantini zilizotakiwa mwaka 2020 zilikuwa nyingi kwa mwenye kazi, lakini anayeficha ugonjwa kwa kuogopa kuvunja ratiba huwavunjia wenzake zaidi. Andaeni mapema mpango wa siku hizo: kazi ipi itasogezwa usiku, na ipi mwajiri anaweza kuisubiri.

Mtoto bado ananyonya. Mama na akamue au aje kunyonyesha saa 4 na saa 6 ikiwa kazi yake iko karibu. Maziwa yaliyokamuliwa hayadumu katika joto letu bila friji. Yakikaa zaidi ya muda wa saa nne yamwagwe.

Mwenzenu huchelewa kuja kumchukua mtoto. Mara ya kwanza mvumilieni. Mara ya pili daftari liseme: dakika zake zinajumlishwa na atazilipa kwa zamu ndefu zaidi. Tulipoanza kuandika saa, ugomvi wa kuchelewa ulikwisha bila mtu kuinua sauti.

Chakula kinazua malalamiko. Kila mtoto aje na chake kwa wiki mbili, kisha jaribuni tena kupika pamoja. Kwetu kila nyumba huleta kilo mbili za unga wa uji na nazi mwanzo wa mwezi, na mwenye zamu hutoa kitoweo. Asiye na uwezo mwezi huo atoe saa badala ya unga, na jambo hilo lisitajwe mbele ya watoto.

Mwajiri anapiga simu katikati ya zamu. Pokea, mwambie utampigia adhuhuri watoto wakilala, na umpigie kweli.

Nyumba moja inataka kujitoa. Itoe taarifa wiki moja kabla. Fungueni daftari, hesabuni siku ilizotoa na ilizopokea. Ikiwa inadaiwa, imalize zamu zake kwanza, na ikiwa inadai, nyumba mbili zilizobaki ziwachukue watoto wake kwa siku hizo hata baada ya kuondoka.